Mfalme Aliyevuka Ulva Bila Dhamana

Tiveland, siku ya Mishumaa, mwaka wa pili wa ufalme wa Gudmar

Kwa Bwana wangu Mfalme Gudmar, niliyempakata alipokuwa mdogo,

Niwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Niwie radhi pia kwa mwandiko wenyewe, kwa kuwa wino uliganda, na vidole vyangu havinyooki tena kama watawa walivyovifundisha.

Habari ya kuzaliwa mwanao imetufikia pamoja na wauza chumvi. Nilikwenda kaburini kwa mke wangu Tova, nikafagia theluji, nikamwambia. Alikupenda kama mtoto wa tumbo lake, nawe unajua kwamba hakuwa mwepesi wa kupenda.

Baada ya furaha hiyo, naomba ruhusa ya kusema kama Mtamka Sheria wa Tiveland, anayeitunza sheria kwa moyo na kuitamka barazani, wala si kama mlezi wako. Umetawala miaka miwili pasipo kuizunguka nchi. Mwaka wa kwanza njaa ilikuzuia, na kila mtu alilielewa hilo, kwani farasi wasiokuwa na shayiri hawawezi kumbeba mfalme. Sasa shayiri ipo. Mfalme ambaye baraza la Tiveland halijampokea, kwetu ni nusu mfalme. Njoo kiangazi hiki. Watu wako tayari kukulaki katika kivuko cha mto Ulva na kukupa watu wa dhamana kama sheria inavyotaka: vijana wa nyumba bora, watakaokaa mikononi mwa askari wako mpaka utakapotoka kwetu salama. Wa kwanza kuomba ni mwanangu Botulf. Nilimwambia wako wakubwa wake. Akanijibu, "Baba, yupo mwingine aliyebebwa na Mfalme mabegani?"

Nisamehe kwa urefu wa barua. Mzee mjane hana mtu wa kuzungumza naye jioni.

Mlezi wako,
Assur


Holmsta, wiki ya pili ya Kwaresima

Baba,

Acha kuniomba radhi! Nikihesabu radhi ulizoniomba tangu nilipoletwa kwako nikiwa na miaka saba, zinatosha kuwasamehe wezi wote wa ufalme huu.

Mtoto ni mzima. Analia kama mwana-kondoo aliyekwama kwenye matope. Ingegerd anasema ana pua yangu. Mimi nasema ana hasira zake. Wakuu wamekuja kumtazama, kila mmoja na zawadi na uso wa mtu aliyemeza ndimu. Unajua wananiitaje? Mfalme Magome. Ni kwa sababu mwaka ule wa njaa nilifungua ghala, nikala mkate wa magome ya msonobari pamoja na watu. Mkuu mmoja aliniuliza mezani, "Mfalme, leo tutakula mti gani?" Nikamjibu, "Wewe leo utakula maneno yako." Wote wakacheka isipokuwa yeye. Nimewasamehe wakulima kodi ya ngozi za kindi ya miaka miwili, na wakuu wanaona nimewaibia wao.

Basi, nitakuja. Lakini dhamana sitaki, wala si Tiveland tu. Sitaki popote.

Hukuwahi kuniuliza juu ya kaka yangu Erland, nami nilikushukuru kwa kutoniuliza. Leo nitakwambia. Alikuwa na miaka kumi na sita, dhamana ya mfalme wa zamani. Mfalme yule akafa kwa homa akiwa ugenini. Homa tu, Baba! Askari wakasikia amekufa, walikuwa wamelewa, wakawanyonga vijana wote kabla mjumbe hajamaliza kusema amekufa kwa nini. Mimi nilikuwepo. Nilimshika Erland miguu nikimwinua, nikidhani nikimwinua vya kutosha atapumua. Nilikuwa mfupi.

Sasa wewe unaniletea Botulf. Yule niliyemfundisha kuteleza kwenye barafu, aliyekuwa akinikojolea mgongoni! Nimeapa mbele ya altare kwamba hakuna mtoto wa mtu atakayefungwa kamba kwa ajili ya shingo yangu. Nitavuka Ulva mikono mitupu, nao wataona kwamba nawaamini. Kuna heshima gani kubwa kuliko hiyo?

Jambo hili ni siri yako na yangu. Nataka liwe jambo la furaha, la ghafla.

Mwanao,
Gudmar


Tiveland, kabla ya Jumapili ya Matawi

Kwa Bwana wangu Mfalme,

Niliisoma habari ya Erland nikiwa nimesimama, nikaona ni adabu kuendelea kusimama mpaka mwisho. Nisamehe kwamba sikuwahi kuuliza. Nilidhani mtoto anayenyamaza amesahau.

Hata hivyo, mwanangu, nakusihi unisikilize. Wewe ulikulia kwetu, lakini uliondoka ukiwa bado mdogo, kabla hujakaa barazani pamoja na watu wazima. Hukuisikia sheria hii kama wanavyoisikia wao. Wewe unaona kamba, wao wanaona heshima. Mfalme anayeomba dhamana husema mbele ya watu wote, "Nyinyi ni watu wa kuogopwa, na amani yenu ina thamani." Asiyeomba husema, "Nimeingia zizini mwangu." Hivyo ndivyo watakavyolisikia, hata ukilisema huku unalia kwa upendo.

Jumapili, nje ya kanisa, Tore wa Lid alinishika mkono. Unamkumbuka Tore, ndiye mwenye kauli kubwa katika baraza letu.

"Mzee Assur," akasema, "huyo mtoto wako wa kulea atatuomba watu wangapi?"

"Kadiri ya sheria," nikamjibu.

"Na aombe! Nitampa hata wangu wawili. Amekula magome kama sisi, huyo ni mtu. Lakini wapo wanaosema anatudharau, maana miaka miwili hajatia mguu kwetu. Nimewaambia wasubiri hapo mtoni. Asipoomba, tutajua ametuona kondoo, na kondoo naye ana pembe."

Wakacheka. Mimi nilicheka pamoja nao, Mungu anisamehe, kwa kuwa sikujua la kufanya na uso wangu.

Kuna jambo jingine ambalo naona haya kuliandika, kwa kuwa ni dogo. Botulf ameshonesha joho. La buluu, rangi ya ghali, lenye manyoya ya kindi shingoni. Ametumia juhudi ya majira mazima ya baridi, akiwinda na kuuza. Mjane jirani aliyelishona alimtania: "Wakikunyonga nalo, wanirudishie kitambaa, ni kizuri mno kuzikiwa!" Naye akamjibu, "Mama, mtu aliyekuwa dhamana ya mfalme hazikwi, hutajwa." Tangu hapo vijana wenzake wanampisha njia. Ana miaka kumi na tisa, na hajawahi kupewa jambo lililo lake mwenyewe. Amekuwa siku zote mtoto wa Mtamka Sheria na ndugu mdogo wa mfalme.

Sijamwambia neno juu ya nia yako. Uliniomba iwe siri, na mimi bado natumaini utaibadilisha kabla ya mto. Nikimwambia sasa, kisha ukaibadilisha, nitakuwa nimemwumiza bure.

Mchukue, Gudmar. Naandika kwa mkono wangu, mimi baba yake: mchukue mwanangu awe dhamana yako. Ukiwa naye hakuna atakayekugusa, nawe utamrudisha akiwa mtu mzima mbele ya wenzake. Ukimkataa, nawaogopea nyote wawili.

Niwie radhi kwa kukushauri usichoniuliza.

Assur


Holmsta, siku ya Mtakatifu Marko

Baba mpendwa,

Kasisi wangu, anayetunza siri zangu zote, amesoma barua yako akasema, "Mzee huyu angefaa kuwa askofu." Nikamwambia angekuwa, ila alimpenda mkewe kupita kiasi.

Nimecheka juu ya joho mpaka Ingegerd akaja kuuliza, nami sikumwambia, kwa kuwa ni siri yetu. Botulf na buluu! Bado nakumbuka akikimbia uani bila suruali akimfukuza jogoo. Mwambie asihuzunike, au basi, usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Nitamkumbatia mbele ya Tiveland nzima na kumrudisha nyumbani. Watu watalia kwa furaha, na Tore wa Lid atalia kuliko wote, maana wanaume wa aina ile ndio wanaolia.

Unaniambia sheria ni heshima. Baba, wewe umeisema sheria ile kwa moyo maisha yako yote, na ni nzuri kinywani mwako kama wimbo. Mimi niliiona ikining'inia. Hatutakubaliana, nami naomba tusigombane. Nimekula kiapo. Nikikiuka kiapo changu cha kwanza kwa Mungu kwa kuogopa wakulima, nitakuwa mfalme wa nini?

Hapa hali si nzuri, sitakuficha. Wakuu wawili wameondoka mezani kwangu bila kuaga. Nikipokewa Tiveland, watanyamaza. Nisipopokewa, Ingegerd na mtoto watahitaji mahali pa kujificha. Kwa hiyo nakuja kwa kicheko, lakini si kwa mchezo.

Usinijibu. Barua yako haitanikuta, tunapanda farasi baada ya Pentekoste.

Mwanao asiyesikia la mkuu,
Gudmar


Tiveland, baada ya Pentekoste, kwa mkono wa mjumbe atakayemkuta Mfalme njiani

Mwanangu,

Umeniambia nisijibu, nami kwa mara ya kwanza sikutii. Mjumbe nimempa farasi wangu.

Sheria inaniamuru niulize swali la dhamana barazani. Unalijua. Sitaweza kutoliuliza, maana mdomo ule si wangu, ni wa Tiveland. Usinifanye niulize mahali pasipo na jibu.

Kama huwezi kumchukua Botulf, chukua mtoto wa Tore. Chukua yeyote. Au geuka mtoni, urudi Holmsta, useme umeugua. Nitasema na mimi kwamba umeugua, mimi ambaye sijawahi kudanganya barazani.

Sijamwambia Botulf. Leo asubuhi ameniuliza kama shingo yake ni safi nyuma, nikamsugua.

Baba yako


Holmsta, siku ya Petro na Paulo

Kwa mzee Assur, kutoka kwa Ingegerd,

Sijui namna ya kuanza barua ya namna hii. Gudmar alisema wewe unajua, kwa hiyo utajaza mwenyewe hapo mwanzo.

Wamemleta juu ya mkokoteni wa majani. Nimemwosha mwenyewe. Sitaandika nilichokiona.

Sighsten, mkuu wa askari wake, amerudi na bega lililovunjika. Amenisimulia mpaka pale alipoanguka. Anasema barua yako iliwakuta kabla ya mto. Gudmar aliisoma juu ya farasi, akaibusu, akaiweka kifuani, akasema, "Mzee anamwogopea mwanawe wa kulea, na mimi namwogopea mwanawe wa kuzaa. Aliye mdogo ndiye ashinde." Sighsten akamwambia, "Mfalme, walau vaa kofia ya chuma." Akajibu, "Ili mtoto wangu akue akisikia baba yake alikwenda kwa marafiki na kofia ya chuma?"

Ng'ambo walisimama watu wengi, na mbele yao vijana waliovaa vizuri. Mmoja mwenye joho la buluu akatoka, akapiga goti majini, maji yakamfika mapajani, akasema kwa sauti, "Mimi ndiye dhamana ya Mfalme." Gudmar akashuka kwenye farasi, akamwinua, akambusu, akacheka. Unakijua kicheko kile. Akasema, "Wewe? Nani atamnyonga mtoto kama huyu? Rudi nyumbani ukamsaidie baba kukamua ng'ombe!" Askari wetu wakaangua kicheko. Sighsten anasema hata yeye alicheka. Upande wenu hakucheka mtu. Kijana yule akabaki amesimama majini hata baada ya farasi wote kupita.

Sighsten hakulishika jina lake. Wewe unamjua?

Barazani Sighsten aliwekwa nyuma. Alisikia maneno, kisha kelele, kisha akapigwa. Hakuona ni nani aliyeanza.

Sasa nisikilize, mzee wangu. Ndugu zangu wanataka kuja kuchoma Tiveland kabla ya mavuno. Nimewaomba wangoje. Wamesema watangoja wakipewa jina moja: aliyeinua shoka la kwanza. Wakipewa huyo, vijiji vitasalimika. Niandikie jina. Kwako wewe peke yako ndiko ninakoweza kuuliza na kuamini jibu.

Na jambo la pili. Hapa kila anayemtazama mtoto wangu anapima urefu wa kaburi. Gudmar aliniambia tangu mwanzo, "Likinipata jambo, mpeleke kwa Assur, amlee kama alivyonilea." Nitamleta mwenyewe mpaka mtoni. Mpakate. Mfundishe kusoma. Mfundishe kuomba radhi, maana baba yake hakujifunza.

Nina miaka ishirini na mbili, na ninakungoja wewe kama mtoto anayengoja kufunguliwa mlango.

Ingegerd


Tiveland, wiki ya Mtakatifu Olavo

Kwa Bibi Malkia Ingegerd,

Nakuomba radhi, Bibi, kwa siku nilizokuacha ukingoja. Nilianza barua hii mara nyingi, na kila mara nilimkuta kalamuni mtu anayetaka kusamehewa. Huyo nimemfukuza. Nitakuandikia yaliyotendeka tu.

Kijana wa joho la buluu ni mwanangu Botulf.

Kutoka mtoni watu wetu walimfuata hadi barazani wakimwita Mkamuaji. Si watu wabaya, Bibi. Walikuwa wamedharauliwa wote, wakatafuta mmoja wa kubeba dharau hiyo. Nilimwona akija, joho likichuruzika maji, nikataka kumwendea, lakini Mtamka Sheria akishasimama juu ya jiwe haruhusiwi kushuka mpaka baraza lifungwe.

Mfalme akaingia uwanjani akiwapungia mkono watu aliowajua utotoni. Alimwita Tore kwa jina. Tore hakuitika.

Ndipo nikauliza, kwa kuwa sheria yaniamuru, "Mfalme amekuja juu ya dhamana ya nani?" Swali hilo likijibiwa, mfalme ana amani yetu, na anayemgusa ni mhalifu. Lisipojibiwa, hana amani, na damu yake haina mdai.

Gudmar akanitazama, akatabasamu, akasema, "Juu ya dhamana yako, Baba."

Bibi, sheria yetu haimruhusu Mtamka Sheria kuwa dhamana, kwa kuwa hawezi kuwa mwamuzi na rehani kwa wakati mmoja. Watu wote waliokuwepo wanaijua sheria hiyo, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha. Wakanigeukia. Nilipaswa kusema, "Jibu halikubaliki."

Nikalisema.

Alikuwa bado anatabasamu. Nadhani alidhani ni sehemu ya desturi, kwamba baada yake litakuja neno jingine. Mashoka yalikuwa mengi. La kwanza nalijua, kwa kuwa mpini wake niliuchonga mimi kwa mkono wangu, mwaka ule mwenye shoka hilo alipofikisha umri wa kubeba silaha.

Umeniomba jina. Sasa unalo, ijapokuwa kalamu yangu imeshindwa kuliweka mahali pake.

Hajakimbia. Anakaa kwenye nyumba ya mvuke ya kuogea, hawashi moto, hali chakula. Jana nilimpelekea mkate. Akaniuliza, "Baba, mbona huniulizi kitu?"

"Nikuulize nini, mwanangu?"

"Ulijua kwamba atanirudisha?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima."

Akasema, "Ukanisugua shingo." Mkate haujaguswa.

Kuhusu mtoto: usimlete, Bibi. Hakuna nyumba duniani ninayotamani aingie kuliko hii, na hakuna isiyomfaa kama hii. Mpeleke kwa watawa wa kike wa kisiwani, walio maskini kiasi kwamba hakuna mkuu anayewatembelea. Watamfundisha kusoma.

Kuhusu ndugu zako: waambie wasichome mashamba ya watu. Leo nimejiuzulu mbele ya baraza. Tore wa Lid alisimama kunizuia, akalia, kama Gudmar alivyotabiri kwamba angelia. Mimi si Mtamka Sheria tena, na kwa hiyo kizuizi kilichokuwepo hakipo. Mfalme alinitaja mimi mbele ya watu wote. Nilimkana kwa sheria, na sheria ile sasa hainihusu.

Barua hii ikikufikia, nitakuwa kwenye kivuko cha Ulva, upande wenu, bila silaha na bila mtu wa kunisindikiza. Waje wanichukue. Kwa desturi yetu dhamana inatosha. Ikishachukuliwa, hakuna mwingine anayedaiwa, wala kijiji, wala mtoto wa mtu. Nawaomba ndugu zako, ambao ni watu wa heshima, waishike desturi hiyo, ingawa sisi hatukuishika heshima yetu.

Wasinihoji nimekosa nini. Mtu wa dhamana haulizwi kosa lake. Huulizwa tu kama yule aliyemdhamini amerudi kwao salama, na jibu la swali hilo, Bibi, umeliosha kwa mikono yako.

Assur, dhamana ya Mfalme Gudmar